Bosi, Weka Chini!

Chini ya kiti cha nyuma cha tuktuk yangu kuna kopo la rangi la lita nne, limejaa udongo mwekundu. Abiria wa bara wakiniuliza huwaambia ni la uzito, tuktuk isipeperuke juu ya Daraja la Nyali upepo ukivuma, nao huitikia kwa heshima. Mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa haulizi. Akiona kopo la udongo, akaona na dumu la maji limelala kando yake, hupandisha miguu kitini na kusema, "Kumbe wabeba mbwa."

Nabeba mbwa, ndiyo. Kwa asiyejua mambo yetu: mbwa akilamba kitu, hicho kitu huoshwa mara saba, na moja katika hizo saba ni kwa udongo. Tuktuk haina bomba wala bustani, kwa hivyo natembea na vyangu.

Chanzo cha yote ni goti, tena si langu. Nina mteja mmoja Nyali, mama mtu mzima, mtu wa bara aliyehamia huku baada ya kustaafu kwa sababu ya joto. Goti lilipomharibikia, aliyeumia zaidi ni mbwa wake, Labrador wa rangi ya kahawa ya maziwa, ambaye alibaki ndani ananenepa. Daktari wa mifugo alimpandisha kwenye mizani akapata kilo arobaini na moja. Labrador dume mwenye afya anafaa awe baina ya kilo ishirini na tisa na thelathini na sita hivi. Akaandikiwa mbio. Si kutembezwa na kamba kama mbuzi wa Idi, la, mbio zenyewe, mbwa aachiwe akimbie mpaka ulimi ufike kifuani. Mama akanipigia mimi. Mara tatu kwa wiki, mia tano kila safari, na saa ni moja tu: saa kumi na moja jioni, jua likipoa.

Mimi ni mjukuu wa watu wa Mji wa Kale. Nyumbani kwetu mbwa husikika, hafugwi. Lakini mia tano mara tatu ni elfu moja na mia tano, na mwenye tuktuk ataka hesabu yake kila jioni, mvua iwe ama jua liwe. Nikajipa fatwa mwenyewe: mkavu kwa mkavu hakuna najisi. Mbwa mkavu, mimi mkavu, twende zetu. Ila Labrador hawi mkavu kamwe. Hata akikaa juani siku nzima, kuna upande mmoja unabaki umelowa, na ndio huohuo anaosalimia nao watu.

Halafu jina. Mama alimwita Bosi. Bara huenda ni jina zuri la mbwa. Mombasa kila mwanamume mwenye viatu ni bosi. Muuza madafu akuita bosi, makanga akuita bosi, hata anayekudai akuita bosi kabla hajaanza kukutukana. Siku ya kwanza nilisimama kando ya barabara nikaita, "Bosi! Njoo tukupeleke!" wakaja wanaume watatu na mbwa akabaki palepale ananusa mchongoma. Yule mama mwenyewe, kwa heshima zetu za pwani, nikawa namwita Mama Bosi, naye alifurahi sana. Alidhani ni cheo.

Sasa, wapi pa kumwachia mbwa mji huu? Kila mtu ana jibu mpaka ufike na mbwa.

Uwanja wa Makadara nilijaribu mara moja tu. Ni karibu na kwetu, kuna nafasi, na kuna wazee wote waliosoma na babu yangu. Sikuwa nimefungua hata mlango wa tuktuk. Habari zilifika nyumbani kabla yangu, na nilipofika bibi yangu alinipokea mlangoni na kanzu safi kwa mkono mmoja na ndoo kwa mwingine.

Mama Ngina, kule ufukweni, ni pazuri, sisemi uongo. Mibuyu, bahari, upepo, zile njia pana zilizotengenezwa upya 2019. Jioni hapafai, kwa kuwa mji mzima uko pale na kila mtu ana sahani ya viazi karai mapajani, na usawa wa mapaja ndio usawa wa pua ya Bosi. Nikamwomba Mama Bosi turuhusiwe asubuhi. Alfajiri pako wazi, ni wakimbiaji tu. Nikamfungua kamba. Akapotea dakika tano, akarudi mbio na kitu mdomoni, akakiweka miguuni pangu taratibu kama mtu anayeweka yai. Mpira wa gofu. Labrador ndivyo alivyo, alizalishwa aokote ndege waliopigwa risasi na kumletea mwindaji bila kuwatia meno. Nikampapasa kichwa (kwa kiwiko, mkavu). Hilo lilikuwa kosa, aliona amesifiwa. Akarudi na wa pili. Kufika wa tano nikatazama upande wa pili wa ua, kwenye uwanja wa gofu, nikaona mzee mmoja wa gofu amesimama katikati ya nyasi, fimbo begani, anaangalia juu. Hakuangalia chini hata kidogo. Nadhani alishakubali kwamba mpira umepaa. Tukaondoka kwa adabu na hatukurudi.

Kuna aliyenishauri nimpeleke Bamburi, kwenye yale machimbo ya saruji ya zamani yaliyopandwa mivinje yakawa bustani ya wanyama. Nikamwambia kule kuna kobe wakubwa kama meza. Bosi akiniletea mmoja, nitamrudisha na winchi?

Pakabaki pwani. Na hapo ndipo saa kumi na moja ya Mama Bosi ilipokuja kutugharimu. Watu wa bara hudhani bahari iko pale ilipo. Bahari haikai. Maji hukupwa na kujaa mara mbili kwa siku, kila siku huchelewa kama dakika hamsini kuliko jana, na wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, tofauti ya maji kujaa na kukupwa hupita mita tatu. Huku kwetu maji ya bamvua hukupwa kama saa nne, saa tano hivi asubuhi, yakajaa kama saa kumi, saa kumi na moja jioni. Kwa hivyo ukienda Nyali saa ya Mama Bosi siku za bamvua huoni mchanga, waona mawimbi yakigonga kuta za hoteli, na mbwa wa kilo arobaini na moja akiogelea kuelekea Bara Hindi kwa furaha. Lakini nenda saa nne na nusu asubuhi! Maji yamekwenda kule mwambani, mchanga mgumu umelala wazi kutoka Nyali hadi Bamburi, mbwa akikimbia unamwona kama nukta. Hapo ndipo mahali pake. Nilimweleza Mama Bosi mambo ya mwezi kwa nusu saa, akakubali, akidhani nimesomea.

Basi Jumamosi moja ya Desemba, bamvua, likizo, wageni wamejaa. Nikapitia kichochoro cha kushukia pwani baina ya hoteli mbili, cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa mfukoni kwa ajili ya askari wanaopenda kuuliza, nikatembea mpaka nikaona pamepungua watu, nikafungua kamba.

Mwanzo mambo yalikuwa ya kupendeza. Bosi alikimbia, alirudi, alikimbia. Akafukuza kaa wa mchangani, kaa akaingia shimoni, Bosi akaingiza pua, akapiga chafya. Mimi nikaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa nikanunua mabuyu ya shilingi ishirini, nikaanza kunyonya. Nilipotema mbegu ya tatu niliinua macho nikamwona Bosi yuko mwambani.

Mwambani kulikuwa na mzee mmoja, suruali imekunjwa magotini, kapu begani, mkuki mfupi wa chuma mkononi. Hao ndio wavuvi wa pweza. Bamvua ndiyo mishahara yao. Alikuwa ameinama juu ya tundu kwa muda mrefu, na ndipo tu alipomtoa, pweza mkubwa wa rangi ya matofali, akamweka juu ya jiwe ili amgeukie vizuri. Bosi alifika kwa adabu zake zote. Akamwokota kama mpira wa gofu, akageuka, akaanza kuniletea.

Pweza si mpira wa gofu.

Nilichokiona kikinijia kutoka baharini hakikuwa na uso wa mbwa. Kilikuwa na mwili wa Labrador na kichwa cha jambo jingine. Bosi alishituka, akakunja kona, akakata mbio sambamba na maji kuelekea kule kwenye umati. Nikaruka kutoka mtumbwini nikapiga mbio nyuma yake nikipaza sauti, "Bosi! Bosi, simama!"

Kumbuka jina.

Mbele yetu palikuwa na ngamia wa kupandisha wageni, amepiga magoti, na juu yake mgeni mmoja wa haja, kaptura ya maua, dafu mkononi, mkewe anampiga video. Kijana wa ngamia alikuwa amemlainisha tangu asubuhi: karibu bosi, panda bosi, shika hapa bosi wangu. Kwa hivyo yule bwana alijua vizuri yeye ni nani. Alipomsikia mtu anamkimbilia akipiga kelele "Bosi, weka chini! Weka chini, Bosi!" hakubishana. Akaliachia dafu. Likamwangukia kijana wa ngamia kwenye kidole gumba cha mguu.

Bosi, Bosi wangu, akapita chini ya shingo ya ngamia na minyiri ya pweza ikipepea.

Ngamia akiinuka huanza na nyuma. Hili nilikuwa silijui, sasa nalijua. Makalio yakapanda kwanza, ghafla, na yule bwana akateremka mbele hadi shingoni, akaikumbatia kama ndugu waliopotezana. "Bosi, acha! Utapigwa leo!" mimi bado nalia nyuma. Na yeye kule juu, shavu limebanwa kwenye manyoya, akajibu kwa uchungu wa kweli, "Sasa mimi nimefanya nini?"

Nilimkuta Bosi amejikunyata chini ya mnazi, ameketi, ametulia, akinitazama kwa jicho moja. La pili lilikuwa limefunikwa. Sijawahi kumwona mbwa akiomba radhi hivyo. Minyiri miwili ilikuwa imemzunguka pua, mmoja umepenya chini ya mkanda wa shingo, na mmoja umepanda baina ya macho hadi nyuma ya sikio, na ncha yake ilikuwa inapapasa polepole, kama kidole cha mtu anayetafuta swichi gizani.

Watu wakatuzunguka. Mzee wa pweza akafika, anahema, akasimama mbali hatua sita. Hakuna aliyemgusa mbwa. Mimi mwenyewe niliangalia mikono yangu, nikaangalia mate, povu na wino vilivyochanganyika kwenye kidevu cha Bosi, nikajua ile fatwa yangu ya mkavu kwa mkavu imekwisha leo.

"Mbinue kichwa!" mzee akanielekeza kutoka kule kule. "Tia vidole ndani, ukigeuze nje ndani. Kama soksi!"

Nikatia vidole. Sitaki kueleza ilivyokuwa ndani. Nikakigeuza kama soksi, pweza akalegea, nikaanza kubandua mnyiri mmoja mmoja, na kila kidude cha kunyonyea kikiachia kililia *pwak*, na kila *pwak* Bosi alifumba jicho. Nilipomaliza alikuwa na duara duara nyekundu puani, zimejipanga vizuri, utadhani amepita kila ofisi ya serikali akagongwa muhuri.

Nikadhani yamekwisha. Ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza, maana wavuvi wengine walishakusanyika na pweza alikuwa mkononi mwangu, na sasa swali likawa: huyu ni halali?

"Cha kuwindwa na mbwa ni halali," mmoja akasema. "Kimo ndani ya Kurani."

"Mbwa aliyefunzwa, yakhe! Aliyefunzwa. Na mwenyewe atoe bismillahi anapomwachilia."

Wote wakanigeukia. "Ulitoa bismillahi?"

"Nilisema, 'Haya nenda ukapungue.'"

"Haihesabiki. Na amefunzwa?"

"Kidogo."

"Tuone."

Heshima ya familia nzima ikawa mikononi mwangu. Nikajisafisha koo, nikanyoosha kidole, nikasema kwa sauti ya mwalimu wa madrasa, "Bosi! Keti!"

Bosi akasimama, akajikung'uta, akatunyunyizia sote. Wazee wakaruka nyuma kama watoto. Na nyuma ya watu, yule mgeni wa ngamia, aliyekuwa ndiyo kwanza ameteremshwa na anakuja kuuliza atalipwa dafu lake na nani, akasita, akatutazama, akaketi mchangani.

Kijana mmoja aliyeonekana kasoma akaingilia. "Mwajisumbua na mawindo bure. Pweza ni wa bahari, hachinjwi. Jambo hapa ni mate tu. Aoshwe mara saba, moja kwa udongo, apikwe, aliwe." Kweli tupu, na watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Nami nikaona nimeponea hapo.

Mzee wa pweza alikuwa hajasema neno wakati wote huo. Akaweka kapu chini.

"Huyu pweza nimemtoa tunduni mimi," akasema, "kwa mgongo wangu huu. Mbwa hakuwinda. Mbwa ameiba. Nanyi mwatafuta aya ya kumtetea mwizi."

Kimya.

"Na hata akioshwa mara sabini, nani atamnunua? Nyali nzima imemwona amevaliwa usoni."

Kilo mbili na nusu, kwa makisio yake. Elfu moja na mia mbili. Nikajaribu, nikasema mzee wangu, na mate yote haya, hunipunguzii hata mia?

"Mate ni yako, mwanangu. Mimi nakuuzia pweza."

Nikamtumia kwa M-Pesa. Dafu la yule bwana nililipa pia, na kijana wa ngamia nikampa mia mbili ya kidole. Mama Bosi sikumwambia kitu. Nilimrudisha Bosi saa saba, nikasema zile duara ni za jua, akasema maskini, akampaka mafuta.

Pweza nikampeleka nyumbani. Elfu moja na mia mbili si ya kutupa, na tena kijana msomi alishasema. Nikapitia uani kimyakimya, nikafungua bomba, nikaanza. Bibi alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, mgongo amenipa mimi. Hakugeuka.

"Hiyo ya ngapi?"

Nikaganda. "Ya... ya nne, bibi."

"Ya udongo ushaitia?"

"Bado."

"Itie sasa, usije ukasahau."

Nikaleta kopo kutoka tuktuk. Nikamaliza zote saba, nikamweka pweza kwenye bakuli, mweupe, msafi, nikampelekea. Ilibainika baadaye kwamba mjukuu mwenzangu alishamwonyesha kwenye simu bwana mmoja akining'inia shingoni mwa ngamia, na kwenye pembe ya video, kwa nyuma, nikipita mimi.

Bibi alilikagua bakuli kwa muda mrefu. "Sheria imetimia," akasema. "Roho yangu bado." Akainuka, akafungua mlango wa nyuma, akammwaga kichochoroni. Paka wa Mji wa Kale hawakuuliza ameoshwa mara ngapi. Nilihesabu tisa, halafu nikaacha, nikisema moyoni kila mmoja wao amekula mia na thelathini na kitu zangu.

Usiku simu ikalia. Mama Bosi.

"Hebu niambie, huyu mbwa amepatwa na nini leo? Dada ametoa mopu apanguse sakafu, Bosi ameiona, ameingia chini ya kitanda changu hataki kutoka. Analia."

"Mopu ya aina gani, Mama Bosi?"

"Hii ya kawaida. Ya kamba kamba, imelowa."

Nikasema sijui, pengine ni joto.

"Basi kesho mtoe tena, lakini asubuhi nitakuwa kanisani. Njoo jioni. Saa kumi na moja."

Nikachungulia dirishani. Mwezi ulikuwa umejaa pima.

"Kesho saa hiyo," nikamwambia, "hakuna mchanga."